Fimbo Aliyochagua Papa

Juzi niliona katika duka moja hapa Bunia fimbo ya kuvulia yenye mashine ya kukunja uzi, na harufu ya mafuta ya mandazi ikanirudia.

Nilikuwa mtoto, na tulikuwa tumekimbia vita kule ziwani. Mandazi ya Mama yalifungwa katika ukurasa wa gazeti uliojaa picha za fimbo kama hiyo.

“Papa, kama tuko na feza mingi, weye utachagua gani?”

Mimi nilichagua nyekundu, na ya bluu nikamchagulia Baba mudogo, ndugu yake Papa aliyebaki kule. Papa, aliyevua kwa wavu maisha yake yote, aliweka kidole juu ya ile nyembamba kabisa.

“Hii itakamata samaki moja moja tu,” nilimwambia.

“Ni vile ninataka. Wavu inaleta kila kitu.”

Nilidhani amechoshwa na magugu na matope. Papa alipokufa ndipo Mama aliniambia kwamba wavu wake wa mwisho ulitoa mwili wa Baba mudogo majini.