Bibi wa Kitabu cha Pili

Juzi, nikiwa katika duka la vitabu Homa Bay, niliwakuta wasichana wawili wakibishana kuhusu riwaya ya yule bibi wa hekaya aliyenyimwa chakula, kijiji kizima kikageuka ziwa.

"Ya kwanza ilikuwa poa. Hii ya pili imeharibu. Eti bibi anarudi kuomba msamaha?"

"Hakurudi kuomba msamaha," alisema ajuza aliyekaa mlangoni. "Alirudi kuona kama mmejifunza."

"Dani, kwani umeisoma?" msichana mmoja alimuuliza, akimwita nyanya kwa Kijaluo.

"Mimi sijui kusoma."

Nje jua lilikuwa kali, lakini pindo la leso yake lilikuwa likichuruzika maji.

"Mna maji ya kunywa?" akauliza.

Kila wiki huwa nawaambia wasomaji wa safu hii kwamba hekaya ni hekaya tu. Chupa yangu ndiyo iliyomfikia kwanza.