Pamba Iliyolowa Bila Kugeuka Buluu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Bugarama, Mganga Mfawidhi alinikabidhi kalamu kabla ya koti jeupe. "Bwana Tabibu," akasema, "andika anachosema mgonjwa, si unachotaka aseme." Agizo hilo nimelishika hadi kustaafu, na ndilo linalonilazimu kusahihisha jambo moja.

Inasimuliwa siku hizi kwamba ugonjwa wa Mama Anitha uligunduliwa na mashine. Si kweli. Nilikuwapo.

Nilikuwa nimehamishiwa hospitali moja wilayani Biharamulo. Mama Anitha, muuza wali wa Nyakanazi, alikuja wiki chache baada ya kutolewa kizazi kwingineko. Nilimkaribisha kiti.

"Shikamoo, mganga. Nitasimama. Kiti chako nitakiharibu."

Mkojo ulimtoka ukeni mfululizo. Alikuwa amefunga kibanda chake, kwa maana madereva wa malori hawali penye harufu.

"Marahaba. Na chooni unakwenda?"

"Nakwenda kama wewe. Nakojoa vizuri, halafu nalowa tena. Mawifi wanasema nadanganya."

Niliandika yote mawili. Mkuu wangu, Daktari wa wodi, alisoma akacheka. "Kibofu kinachovuja hivi hakijai, Mzee. Futa hilo la kukojoa vizuri."

"Sifuti, Daktari. Mgonjwa amesema."

Ubishi wetu ulimfikia Daktari Bingwa wa njia ya mkojo, aliyekuwa ametutembelea. Aliusoma mstari ule mara mbili. Tukajaza kibofu maji yenye dawa ya buluu, tukaweka pamba ukeni, tukamwomba mgonjwa atembee uani. Aliporudi, pamba ilikuwa imelowa chepechepe, lakini nyeupe. Basi kibofu kilikuwa kizima. Kila figo ina mrija wake wa kushusha mkojo kibofuni. Mmoja ulijeruhiwa katika upasuaji ukawa unamwaga ukeni, na mwenzake uliendelea kujaza kibofu. Mashine ya picha ilifuata baadaye, ikathibitisha tu kwamba figo ya kushoto imevimba.

"Kumbe Mama hakudanganya," akasema Mkuu.

"Hata siku moja," akajibu mwenyewe kitandani. "Sasa nishoneni. Wateja wangu wanakula kwa jirani, na yule hajui kupika."

Daktari Bingwa aliukata mrija juu ya jeraha, akaupandikiza upya kibofuni, na ndani yake akaacha kimrija laini ili upone bila kuziba. Asubuhi iliyofuata kuondolewa kwa mpira wa mkojo, Mama Anitha aliamka juu ya shuka kavu, akaita wodi nzima ije kuligusa. Tuliligusa, Mkuu akiwa wa kwanza.

Sasa nimestaafu. Vipimo vipya navipenda, na vijana wavitumie. Lakini waanze kwa kusikiliza, na wasifute. Basi langu linaposimama Nyakanazi, mimi huingia kibandani mwa Mama Anitha. Hunipakulia wali, kisha huketi kando yangu kwenye benchi la wateja, na hainuki mpaka kondakta aniite.