Siku Nilipoanika Santuri za Baba Pamoja na Dagaa

Jamani, aibu hii ni yangu peke yangu, sikuchangiwa na mtu, na nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu shangazi zangu wa Suguti wameshaisimulia vya kutosha na kila wakiisimulia inanenepa (eti nilizipaka chumvi kama sangara, jamani, chumvi sikupaka).

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Nyasura pale Bunda, na nyumbani ni Suguti, kwa mama, karibu na ziwa, ambako chochote chenye majimaji kinatolewa nje kikapigwe jua: dagaa, mihogo, magodoro ya watoto. Hata kwenye ufundi wangu, mtu akidondosha simu ziwani, mimi huifungua nikaianika juu ya bati, na mara nyingi inapona. Shikeni hapo, maana ndipo ujinga wangu ulipoota mizizi.

Sasa, marehemu baba alikuwa mpiga gitaa katika bendi ya kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Bendi yenyewe ilirekodi santuri moja tu, ndogo, wimbo mmoja kila upande, kisha wakagombana wakatawanyika. Upande wa pili, wimbo ukielekea kuisha, magitaa yanapungua na baba anamwita mama kwa jina lake, Nyabise, haimbi, anaita tu, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umefungwa. Ndivyo mama anavyosimulia. Mimi mwenyewe nakumbuka kwa mbali, kwa sababu nikiwa darasa la tano niliifungua gramafoni ya nyumbani nijifunze ufundi, na hiyo ndiyo mashine ya kwanza niliyoiua. Tangu siku hiyo mama hajaisikia tena ile sauti. Santuri ameilalia chini ya godoro miaka yote, na nyingine kumi za baba zilikaa kwenye sanduku la bati juu ya dari, zikila moshi wa jikoni.

Basi nikaja kusoma kwenye simu kwamba kuna watu wanazitafuta santuri za bendi za zamani kama dhahabu. Nilisoma usiku na mchana, nikajiona mtaalamu, na bando liliisha kabla sijafika sehemu ya jinsi ya kuzitunza. Nikapiga picha za lebo nikaziweka mtandaoni. Baada ya wiki moja nikapata ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiandika K. Ishengoma, wa Dar es Salaam, akisema hiyo ya bendi ya kiwanda ameitafuta miaka mingi hajaiona popote, atakuwa anazunguka Mara, atapitia Butiama halafu Jumamosi atafika Suguti na gramafoni yake, na tukikubali ataihamishia kwenye kompyuta isipotee tena. Zile nyingine kama ni nzima, atazinunua.

Nikamsomea mama. Akasema:

"Ya baba yako siuzi. Ila mwambie aje aipige. Nataka nimsikie mara moja, basi, hata nikifa siku hiyo hiyo."

Hapo mtu mwenye akili angechemsha chai akasubiri mgeni. Mimi nikaunda kamati.

Mjomba Magoti akawa mwenyekiti, mimi katibu na pia mshereheshaji (nani mwingine ana suti?), tukapata turubai, spika mbili, viti vya kanisani, kwaya ya akina mama, na mgeni rasmi, yaani mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hakujua santuri ni nini lakini alikubali palepale alipoambiwa kuna risala. Huyo Ishengoma nilishamchora kichwani: bwana mnene, miwani, gari kubwa la vioo vya giza. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe.

Jumamosi asubuhi mama akaondoka kwenda Musoma mjini kusukwa nywele. Sikieni jambo hilo, mama yangu, na magoti yake mabovu yale, alikwenda kusukwa nywele ili akutane na sauti ya mume wake. Kabla hajapanda pikipiki akanigeukia:

"Ile ya baba yako usiishikeshike. Iache palepale chini ya godoro. Yeye alikuwaga anaipangusa na kitambaa tu, basi."

Nikasema sawa mama.

Lakini zile za kwenye sanduku nilipozishusha zilikuwa na masizi, na mkojo wa panya, na harufu ambayo nikaona bwana mkubwa wa Dar hawezi kupewa. Nikachukua beseni, sabuni ya unga na brashi laini, nikaosha santuri kumi moja baada ya nyingine, zikang'aa nyeusi ti. Sasa baada ya kuona kumi zinang'aa, ile ya baba utaiachaje na vumbi lake? Itaonekana mtoto wa kambo. Nikainua godoro. Ndiyo, niliinua godoro.

Halafu zikawa zimelowa, na mgeni yuko njiani. Nyuma ya nyumba shangazi Nyangeta alikuwa ameshatandaza dagaa wake kwenye chanja ya waya, nusu ya chanja ikiwa wazi, jua la saa nne limeshapamba moto. Nikazipanga pale, moja moja, kumi na moja, nzuri kabisa. Nikarudi nyuma hatua mbili nikazitazama nikajisifu.

Nikiwa bado najisifu, ikaingia pikipiki na mama mmoja wa makamo, kitenge kiunoni na kingine begani, kandambili, na sanduku dogo la mshikio ambalo mimi nilijua ni la cherehani. Nikasema huyu ndiye yule msaidizi wa jikoni ambaye shangazi alisema atatoka Bunda.

"Shikamoo mama, karibu sana, umechelewa kidogo."

"Marahaba. Samahani, mimi nimekuja kwa ajili ya..."

"Najua mama, najua, tumekungoja wewe." (Angalau hapo sikusema uongo.) "Jikoni wamejaa. Kaa hapa kwenye chanja utusaidie kufukuza kunguru, leo wamechachamaa."

Nikamwekea kigoda nikampa fimbo. Yule mama akaitazama fimbo, akanitazama na suti yangu, akatazama chanja, na macho yake yakaganda kwenye zile santuri.

"Kijana, hizi umeziweka juani?"

"Zinakauka."

"Zitapinda. Ziondoe sasa hivi, tafadhali."

Nikacheka, jamani, nilicheka kwa upole wa kitaalamu, nikamwambia, "Mama, hivyo ni vitu vya kitaalamu, nimevisomea. Wewe kazi yako kunguru."

Nikaondoka kufunga spika. Niliporudi baada ya muda nikakuta amevua kitenge chake cha juu amezifunika santuri zote, na yeye anapigwa jua kichwani. Nikakivuta kitenge, nikakikunja vizuri, nikamrudishia mkononi. "Nataka jua liingie, mama." Alifungua mdomo aseme kitu, Mjomba Magoti akaniita waya umeungua, nikakimbia. Nikasikia nyuma yangu anasema, "Mimi ndiye...", na kwaya ikaanza mazoezi ikammeza.

Alijaribu tena, baadaye aliniambia. Alianza kuziondoa mwenyewe, shangazi Nyangeta akatoka jikoni na mwiko akamfokea, "We mama, hizo ni mali za marehemu kaka yangu, tulia hapo!" Basi akatulia. Watu wenye heshima wana tatizo hilo, hawapigi kelele nyumbani kwa watu.

Saa saba mama akarudi. Amesukwa vizuri, amevaa kitenge kipya, amekaa kiti cha mbele mikono magotini kama bibi harusi. Kwaya ikapangwa barabarani. Tukasubiri. Gari likatokea, vumbi nyuma, kwaya ikalipuka, mjomba akamvisha aliyeshuka shada la maua, mgeni rasmi akampa mkono kwa mikono miwili, na alikuwa bwana mifugo anapita kwenda kuchanja ng'ombe kijiji cha mbele. (Alikaa. Wali ulikuwa unanukia.)

Mwenyekiti wa kitongoji akanyanyuka akasoma risala, akaisifu serikali kwa kuleta santuri. Mgeni bado. Watu wakaanza kunong'ona, na mimi, kwa kiburi cha suti, nikashika kipaza sauti nikasema, "Ndugu wananchi, ili muamini, nampigia hapahapa, sauti kubwa, na nyinyi mumsikie." Nikabonyeza namba ya Ishengoma nikaisogeza simu kwenye kipaza sauti.

Ikaita. Na nyuma ya nyumba, kwenye chanja, simu ikalia.

"Halo," sauti ya kike ikatoka kwenye spika mbili, ikafika mpaka ziwani.

"Halo mheshimiwa! Umefikia wapi?"

"Nimefika tangu saa nne. Niko hapa kwenye dagaa, nafukuza kunguru."

Kuna kicheko ambacho kinaanza kwa mtu mmoja kwenye kona, na kuna kile kinachoanza kwa watu wote kwa pamoja. Hiki kilikuwa cha pili. Mjomba Magoti alikaa chini, bwana mifugo akalivua lile shada akaliweka polepole kwenye kiti cha jirani. Mimi nilikimbia kwenda nyuma na kipaza sauti mkononi, waya ukanyooka ukakatika, na nadhani hilo lilikuwa jema pekee siku ile.

Santuri zilikuwa zimelegea kwenye zile waya, kingo zimening'inia, kama chapati uliyoitupa juu ya mdomo wa kikombe. Zote kumi na moja. Ya baba ilikuwa pembeni kabisa, imegusana na dagaa, magamba yamenata kwenye lebo.

"Ipi ni ya bendi?" Mama Ishengoma akauliza. Hakuuliza kwa hasira, na bora angefoka.

Nikamwonyesha. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama nyuma yangu na nywele zake mpya. Akaiona. Akasema, "Si nilikuambiaga usiishike?" Sauti ilikuwa ndogo sana. Nikataka kufa, na nasema hivyo bila utani.

Mama Ishengoma akafungua lile sanduku nililoliita la cherehani, gramafoni ikatoka. Akaiweka mezani chini ya turubai, akaifuta santuri kwa kitambaa, kitambaa cha pamba, akaiweka upande wa pili juu. Sindano ikapanda mlima, ikashuka, ikaruka. Wimbo wa baba ukatoka umelewa, unapanda unashuka, na watoto wakacheka, na wakubwa wakacheka kwa kuficha mdomo, halafu sindano ikarushwa nje kabisa. Akajaribu mara tatu. Vilevile.

"Huku pembeni kumeharibika," akamwambia mama taratibu, amechuchumaa mbele yake. "Ila katikati, karibu na lebo, haikupinda sana. Tukijaribu mwisho wa wimbo?"

Mama akatikisa kichwa kukubali. Mama Ishengoma akaishusha sindano kwa vidole viwili, karibu kabisa na lebo, na magitaa yakatoka, safi, mawili, yanapungua, na baba yangu, ambaye tulimzika nikiwa darasa la nne, akaita:

"Nyabise."

Basi. Ikaisha. Hakuna aliyecheka. Shangazi Nyangeta alikuwa na mwiko umesimama hewani.

"Rudisha," mama akasema.

Ikarudishwa. Nyabise.

"Rudisha."

Mara ya tano hivi mama akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akanitazama, akaniambia maneno ambayo mashangazi hawajaweza kuyaongezea kitu:

"Kulikuwa na wimbo mzima, mwanangu. Umenibakizia jina."

Mama Ishengoma alikihamishia kile kipande kwenye kompyuta yake, hakinuki hata dagaa, akamtumia mama kwenye simu. Zile kumi alizikataa kwa adabu, na sasa shangazi anawekea kuku mtama humo. Nilimwomba mgeni wetu radhi mpaka nikaishiwa maneno, akanijibu tu kwamba kunguru walikuwa wengi kweli.

Nimeapa mbele ya mjomba na kamati yake yote: sianiki tena kitu kisicho na mkia na macho, na mama mtu mzima akianza kuniambia "mimi nimekuja kwa ajili ya", nitamwacha amalize hata kama nyumba inaungua.

Mwezi uliopita mama alikuja Bunda, simu yake imeingia kwenye ndoo ya maji, na kile kipande kimo ndani. Nikakurupuka, nikatoa bisibisi, nikanyoosha mkono. Akaikumbatia simu kifuani.

"Hapana, baba," akasema, kwa upole kabisa, "acha nimpelekee yule mwenzako wa pale mbele."

Akavuka barabara. Nikabaki nimekaa kibandani na bisibisi yangu, najifanya nafanya kazi. Baada ya saa nzima hivi, kutoka kibanda cha mwenzangu, mbele ya wateja wake wote, nikasikia magitaa mawili yanapungua, na baba anaita. Mama akamwambia yule fundi arudishe tena.