Sisi Wazima, Hofu ni Kwenu

Kwenye ubao wa darasa la sita, juu kulia, pana mahali ambapo hakuna mtu anayeandika. Mwalimu wa sasa ni kijana. Huanza katikati, akijaza hufuta, kisha huanza tena katikati. Ile pembe hubaki tupu mwaka mzima. Ukiikaribia utaona rangi nyeusi imechakaa hapo kuliko kwingine, mistari mitano mifupi, kama kitanda cha mtu aliyeamka akaenda zake. Hapo ndipo Mwalimu Musimbi alipoandika anwani ya shule kila asubuhi kwa miaka ishirini na mitano, hata siku ambazo somo la kwanza lilikuwa hesabu.

Nilifundisha darasa la jirani. Ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba, kwa hiyo nusu ya ninayoyajua juu yake niliyasikia kupitia matofali, na nusu nyingine alinieleza mwenyewe tukinywa chai ya saa nne.

Alizaliwa Maragoli, akaja Eldoret akiwa msichana kumfuata dada yake aliyekuwa karani, na baridi ya hapa hakuwahi kuisamehe. Alivaa sweta iliyofungwa vifungo hadi shingoni, Februari na Julai sawasawa. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na aliamini jambo moja kwa moyo wake wote: barua ya kirafiki. Mtu asiyeweza kuweka koma baada ya sanduku la posta, alisema, hafai kuachiwa ufunguo wa stoo. Baada ya anwani ilikuja tarehe, baada ya tarehe "Kwa rafiki yangu mpendwa," na baada ya hapo, bila kujadiliana, salamu: Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Watoto waliiimba hiyo kama wimbo wa taifa. Ukuta wangu uliijua kwa moyo.

"Maana yake nini?" angeuliza.

"Nakuhofia weweee!"

"Nani anakuhofia?"

"Rafikiii!"

Mwaka wa 2008 shule zilipofunguliwa baada ya fujo za uchaguzi, wakati huo akiwa na darasa la nne, madawati kumi na moja yalikuwa na mtoto mmoja badala ya wawili. Madawati hayo yote yalitengenezwa na fundi mmoja, Gichuru, aliyekuwa na karakana hatua chache kutoka lango la shule. Karakana ilikuwa majivu. Gichuru na mkewe walikuwa wamelala uwanja wa maonyesho, uliogeuka kambi, pamoja na maelfu ya wengine waliofukuzwa, kisha lori likawachukua. Binti yao Wangari alikuwa akikaa dawati la tatu karibu na dirisha, pamoja na Jeruto.

Jeruto alikuwa mtoto wa kuongea. Muhula ule hakuongea. Alikaa nusu yake ya dawati, na ukimwambia asogee katikati alisogea, ukigeuka amerudi.

Mwalimu Musimbi naye alikuwa na lake. Wangari alikuwa namba kumi na nne kwenye rejista. Hakuweza kuliita jina, na hakuweza kulikata. Kwa hiyo kila asubuhi alifika kumi na tatu, akakohoa, akaendelea na kumi na tano. Darasa lilipopanda kwenda la tano alipanda nalo, chumbani mlemle na madawati yaleyale, na likapanda kwenda la sita akapanda nalo tena, na kila mwaka katika rejista mpya aliacha mstari mmoja mtupu na kukohoa mahali pake. Mwalimu mkuu, Mzee Shitanda, alipitia dirishani asubuhi moja akamwambia, "Musimbi, miaka miwili sasa. Hiyo dawa ya kifua huinunui?"

Basi mwaka wa 2010 akaenda semina mjini, akarudi na neno jipya. Blogu.

Wazo lilikuwa kwamba darasa moja lingeandikiana na darasa la shule ya mbali, mtoto kwa mtoto, marafiki wa kalamu, ila kalamu yenyewe ni kompyuta. Na watoto wasisimulie tu kwamba mvua imenyesha na ng'ombe amezaa. Waandike walichofikiri baada ya kusoma maneno ya mwenzao. Mwalimu Musimbi aliita hiyo tafakari, akaipa aya yake, na pambizo la vidole viwili.

Kwenye orodha ya shule zilizotaka marafiki alichagua moja upande wa Nyandarua, ambako familia nyingi za kambini zilikuwa zimepewa mashamba. Nilimuuliza kwa nini hiyo.

"Jina lake fupi," akasema, akikoroga chai ambayo tayari haikuwa na sukari ya kukorogwa.

Majina ya darasa lao yalipofika, Wangari Gichuru alikuwemo. Akampanga na Jeruto.

Shule yetu haikuwa na kompyuta. Watoto waliandika kwenye madaftari, Mwalimu akasahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha akayabeba ndani ya kikapu hadi saiba ya Bilal, nyuma ya soko. Bilal alikuwa na duka ambalo nusu yake lilikuwa magodoro na nusu nyingine kompyuta tatu za intaneti ya kulipia, na alimfundisha kupiga chapa kwa subira ya mtu aliyezoea kubembeleza wateja wa magodoro. Mwalimu alitumia kidole kimoja, cha shahada.

"Mama Mwalimu, mbona unapiga hiyo spesi hivyo? Utaitoboa."

"Napeleka anwani kulia."

"Blogu haina anwani. Blogu yenyewe ndiyo anwani."

"Bilal, barua bila anwani ni karatasi ya kuokota njiani."

"Na stempu je? Nikuchoree hapa kwa kioo?"

Alifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko Bilal alivyotarajia.

Mwandiko wa kwanza wa Jeruto niliuona baadaye, kwenye daftari. Ulianza hivi: Wangari, mimi sijui kama wewe ni mzima. Hukuniambia mnaenda. Raba yako ya kufutia niko nayo. Mwalimu alikuwa ameikata sentensi ya kwanza kwa mstari mwekundu ulionyooka, na pembeni ameandika: Salamu ziko wapi? Chini yake Jeruto, mtoto mtiifu, alinakili zile za ubaoni. Kwa kuwa darasa liliandikia darasa, Mwalimu aliona vyema salamu ziwe za wingi. Siku tatu kidole kile kilifanya kazi, na siku ya tatu barua thelathini na nane zikatoka Eldoret kwenda kwa watoto waliokimbia Eldoret, na kila moja ikianza: Sisi huku ni wazima, hofu ni kwenu.

Wiki nzima hakikuja kitu. Jumatatu iliyofuata Mzee Shitanda akamwita ofisini, na kwa kuwa ofisi ile haikuwa na mlango unaofunga, tukasikia wote.

"Musimbi, umewaambia nini wale watoto?"

"Salamu tu, Mzee."

"Salamu gani inasema hofu ni kwenu?"

"Ni salamu ya barua. Hata wewe uliandika hiyo ukiwa chuoni."

"Mimi niliandikia mama yangu! Mwenzangu, mkuu wa shule ya huko, amenipigia simu. Mtoto amemsomea nyanya yake nyumbani, nyanya amefunga mlango mchana kweupe. Musimbi, hao watu waliwahi kuokota vikaratasi mlangoni. Maneno machache ya vitisho, bila jina. Unakumbuka viliandikwa nini?"

Tukasikia akisogeza kiti.

"Sasa thelathini na nane. Zote maneno mamoja, kama zimetoka mkono mmoja."

"Zimetoka kidole kimoja," akasema Mwalimu, na hakuwa akifanya mzaha.

"Wazazi wao wanataka ifungwe. Nimeomba hadi Ijumaa. Ikifika Ijumaa saa sita kama hakuna hata mmoja aliyejibu, tunafunga, na sitaki tena kusikia mambo ya blogu hapa."

Alirudi darasani akawaeleza watoto, akichagua maneno. Alisema kumetokea kutoelewana. Alisema salamu ni nzuri ila zimefika vibaya. Ndipo nikasikia dawati la tatu likilia. Lilikuwa na mguu mfupi, na kila mtu akiinuka lilitikisika.

"Madam, mimi sikuandika hivyo."

"Unasema nini, Jeruto?"

"Mimi niliandika sijui kama yeye ni mzima. Ni wewe ulikata."

 Nilisimama na chaki mkononi, nikingoja sauti ya bonde. Kilichokuja ni kikohozi, na hakuna aliyekuwa akiita rejista.

Jumatano baada ya masomo alienda saiba bila kikapu. Bilal anasema aliketi, akapiga spesi mara mbili kupeleka anwani kulia, akasimamisha kidole, akafuta. Kisha akaandika. Ilimchukua hadi Bilal alipoanza kuingiza magodoro ndani. Maneno yenyewe haya hapa, kwa kuwa yalikaa kwenye blogu kila mtu akayasoma:

"Wangari na wenzako. Salamu mlizopata nilizifundisha mimi. Maana yake ni kwamba ninayekuandikia sina neno, ila nakuwazia wewe. Nimezifundisha miaka kumi na tisa na sikuwahi kusikia zinavyosikika mlangoni kwa mtu. Jeruto aliandika kwamba hajui kama wewe ni mzima. Ilikuwa sentensi ya kweli nami niliikata. Nairudisha. Sasa tafakari yangu. Asubuhi ile ya Januari baba yako alipita langoni mwangu na godoro kwenye mkokoteni, na wewe nyuma umebeba sufuria. Niliwaona. Nikainama nikaanza kutafuta funguo kwenye kibeti hadi mlipopita. Sikuwasalimu, mimi mwalimu wa salamu. Hofu haikuwa kwenu. Hofu ilikuwa kwangu. Musimbi."

Chini yake akapiga maneno ya Jeruto yote, pamoja na raba.

"Mama, hujaweka tarehe," Bilal akamwambia.

"Niache, Bilal."

Alhamisi alifundisha kama kawaida, ila hakuandika kitu pembeni mwa ubao. Ijumaa Mzee Shitanda alikuja darasani saa tano na nusu, akaketi kwenye kiti cha Mwalimu, akaanza kuangalia saa yake kwa namna ya kutaka ionekane anaiangalia. Jeruto alikuwa amekalia nusu yake ya dawati. Saa sita kasoro dakika chache pikipiki ikaingia uwanjani na Bilal nyuma, karatasi mkononi, akipaza sauti kabla hajashuka.

"Mama Mwalimu! Umejibiwa! Na mtihani umeanguka!"

Mwalimu alitaka kusoma kimya. Watoto hawakukubali, na Mzee Shitanda akasema aisome kwa sauti kwa sababu jambo ni la shule. Akasoma. Sauti ile niliyoijua miaka sita sikuitambua.

"Kwa Madam Musimbi. Umesahau anwani. Umesahau tarehe. Hujaandika Kwa mpendwa. Nakupa tatu kwa kumi. Nimemsomea Baba barua yako. Amesema alikuona. Amesema funguo zilikuwa mkononi."

Hapo akashusha karatasi. Mzee Shitanda akaangalia sakafu. Mtoto mmoja nyuma akaanza kucheka, akaona wengine hawacheki, akaacha. Kisha Mwalimu Musimbi mwenyewe akacheka, mara moja, kicheko kilichotoka kama kimesukumwa, akafuta uso kwa mkono wa sweta na kuendelea.

"Amesema pia si wewe tu, na wengine hata hawakuinama. Nyanya amefungua mlango, lakini hataki kusikia habari za Eldoret, kwa hiyo nitakuwa nikisoma nje. Jeruto, mimi ni mzima. Kaa na raba, nimenunua nyingine. Sitarudi. Mama amesema nisikudanganye. Je, dawati letu bado linacheza upande wa kushoto? Baba anasema huo mguu aliukata vibaya akiniangalia mimi nikipanda juu ya mbao, na mpaka leo unamuudhi. Niandikie, lakini Madam asisahihishe."

"Bado linacheza!" Jeruto akasema kwa sauti kubwa, kama Wangari yuko dirishani. "Mwambie bado linacheza! Nimeliwekea karatasi!"

"Utamwambia mwenyewe," akasema Mwalimu, akampa chaki badala ya kalamu, kwa kuchanganyikiwa.

Mzee Shitanda aliinuka. "Basi endeleeni," akasema. Mlangoni akageuka. "Na hizo salamu, Musimbi?"

"Nitazitafutia zingine."

Hakuzipata. Blogu iliendelea hadi watoto wale walipomaliza darasa la nane, na muda wote huo kila mmoja alianza barua kwa namna yake, wengine vibaya mno, na kalamu nyekundu ilibaki kwenye mkebe. Kwenye ubao tu ndipo alipoendelea na anwani, kwa sababu mtu haachi kila kitu. Rejista nayo ilibadilika: Jumatatu iliyofuata alifika kumi na tatu, akasema "Wangari Gichuru, Nyandarua," na Jeruto akajibu, "Yupo." Kikohozi kikapona bila dawa.

Mwalimu Musimbi alistaafu mwaka wa 2016. Anaishi Turbo, nyumba ya pili nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, na sebuleni ana dawati la watu wawili alilouziwa na shule, lenye karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wa kushoto.