Pipa la Kahawa la Baba Mkwe

Mwanangu, umeniuliza ununue chombo gani cha kukaangia kahawa nyumbani, na umeniletea picha za mashine zinazong'aa kama sahani za harusi. Nitakujibu. Ila mimi nikiulizwa habari ya chombo hicho, akili yangu hurudi kwenye Jumamosi moja ya ujana wangu, nilipokuwa mke mgeni huku Cheptiret, na sina budi kuanzia hapo. Kama una haraka, chukua picha zako uende. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Siku hizo mashamba haya yote yalikuwa ya wazungu. Sisi tulikaa kwenye shamba la Kaburu mmoja, katika nyumba za nyasi za wafanyakazi, wengi wetu tukiwa tumetoka magharibi kutafuta kazi. Baba mkwe wangu, Mzee Luvai, alikuwa mpishi wa yule Kaburu mpaka macho yalipoanza kumfifia. Makaburu walikunywa kahawa toka asubuhi hadi kulala, na ilikaangwa huko huko nyumbani kwao, katika pipa dogo la chuma linalozungushwa kwa mkono juu ya makaa. Mzee ndiye aliyekuwa akilizungusha miaka yote hiyo.

Alipoacha kazi alipewa asante na gunia la kahawa mbichi. Mwafrika kupanda kahawa ilikuwa marufuku wakati huo, lakini kuinywa hakuna aliyetukataza. Basi Mzee akatangaza kwamba wazee wa kanisa wakija kusali kwake Jumapili, hawatakunywa chai. Watakunywa kahawa iliyokaangwa hapo hapo nyumbani, kwenye pipa lake mwenyewe. Alisema jambo hilo mara nyingi, na kila mara alitabasamu.

Akaenda mjini Eldoret kutafuta pipa. Alikuta mawili. La kwanza lilikuwa la fundi wa chuma, jeusi, zito, maungio yake yamekunjwa na kugongwa misumari. La pili lilikuwa la fundi wa taa, limetengenezwa kwa bati la madebe ya mafuta, jepesi, linameremeta, maungio yake yamezibwa kwa lehemu, ile risasi nyeupe ambayo fundi huiyeyusha kwa chuma cha moto. Mzee akanunua la pili. Usimcheke. Mkono wake ulikuwa umechoka, na kitu chepesi humvuta mtu aliyechoka.

Mimi nilipoliona likishushwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, moyo wangu ulishtuka. Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa kuziba makopo na taa huko huko Sisibo, ndivyo watu wa zamani tulivyouita mji wa Eldoret. Nilikua nikimpepelea moto. Nilijua kwamba lehemu inafaa kwa kopo la kumwagilia maua na kwa tangi la taa, maana hapo hapana moto mkali. Juu ya makaa huyeyuka kama siagi. Na baba hakuturuhusu hata kidogo kula kabla ya kunawa mikono tukiwa tumeigusa, kwa sababu ni sumu.

Ungeniuliza, sasa mbona hukumwambia Mzee? Ah, nyinyi wa leo mnakula meza moja na baba mkwe na kumpigia simu mkimwita Daddy. Kwetu mke wa mwana hakuzungumza na baba mkwe ana kwa ana. Hakumpa mkono, hakukaa alipokaa, hakupita njia aliyosimama. Mzee akitaka maji alimwambia kuku: "Wewe kuku, hapa kuna mtu ana kiu." Mimi nilimsikia kuku akiambiwa, nikaleta maji, nikayaweka mahali, nikaondoka. Jambo zito zaidi ya maji lilipitia kwa dada yake Mzee, shangazi wa mume wangu, ambaye sote tulimwita Senje. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu.

Nikamfuata Senje jikoni. Nikamwambia, "Senje, lile pipa litayeyuka. Mwambie Baba."

Senje akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe mtoto wa juzi! Mzee amekaanga kahawa tangu hujazaliwa, leo umfundishe wewe? Nikapeleke maneno hayo nionekane mimi ndiye mwenda wazimu?"

Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mume wangu, ambaye alikuwa akifanya kazi mjini, angekuja Jumamosi jioni, nami ningemwambia yeye. Wakati huo Mzee alishinda akilisugua pipa lake kwa majivu liendelee kung'aa. Akalitafutia mahali nyuma ya nyumba, mbali na nyasi za paa, akaweka ukuta wa mawe upande unakotoka upepo wa alasiri. Akachimba shimo la makaa, akasimamisha nguzo mbili za chuma zenye panda. Kazi ilikuwa safi kabisa. Kila kitu alikijua isipokuwa kimoja, na hicho nilikuwa nacho mimi.

Jumamosi haikungoja jioni. Mchana Mzee alimwambia kuku kwamba makaa yamekolea. Senje alikuwa amekwenda mtoni. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nachambua maharagwe, nikamwona akimimina kahawa hadi nusu ya pipa, akaliweka kwenye nguzo, akaanza kuzungusha taratibu, uso ameugeuzia pembeni kwa sababu ya moshi. Harufu ya kwanza ilikuwa ya majani mabichi. Ikafuata harufu ya mkate. Mzee akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

Ndipo nikaona tone jeupe likidondoka kwenye makaa. Halafu jingine. Maungio yalikuwa yanalia. Na upande ule ule lehemu inakovuja nje, ndiko inakovuja ndani, kwenye kahawa ya wazee wa watu.

"Baba, acha!" nikapiga kelele. Hakuelewa. Labda alidhani nimeungua, maana aliendelea kuzungusha huku akitafuta sauti inatoka wapi. Nikarusha ungo wa maharagwe, nikakimbia, nikamshika mkono. Nikamvuta nyuma. Pipa likapasuka kwenye ungio, kahawa yote ikamwagika motoni, moshi ukatufunika sisi wawili, mkono wa baba mkwe wangu ukiwa ndani ya mkono wangu.

Senje akatokea na mtungi kichwani. Yowe alilopiga lilisikika hadi kwenye zizi la Kaburu. "Mama yangu wee! Amemshika mkwewe! Amemshika mkono!"

Mzee aliutoa mkono wake, akaenda ndani. Mimi nilikwenda kukusanya nguo zangu. Nilikuwa na hofu, nisikudanganye, na nilikuwa na hasira pia. Mke aliyevunja mwiko wa namna ile angeweza kurudishwa kwao hata kabla ya jua kutua, na mimi nilimpenda mume wangu.

Mume wangu alipofika jioni alikuta nimekaa juu ya kifurushi. Senje alikwisha kumweleza yote njiani. Mzee akatuita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amenipa mgongo kama ilivyotakiwa, na Senje amesimama katikati.

"Dada," akasema, "muulize mkwe wetu alijua lini kwamba pipa ni bovu."

Senje akaniuliza. Nikajibu kwamba nilijua tangu liliposhushwa kwenye mkokoteni. Senje akapeleka jibu.

"Muulize alimwambia nani."

Senje hakuniuliza. Alitazama miguu yake. Mume wangu akamtazama, mimi nikatazama kifurushi changu. Mwishowe Senje akasema kwa sauti ndogo, "Aliniambia mimi."

Kisha, mwanangu, Mzee akakigeuza kigoda. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, baba mkwe wangu alinitazama usoni, macho yake mekundu kwa moshi, akasema na mimi mwenyewe bila kuku wala dada.

"Binti yangu, kwa kunishika mkono tutachinja jogoo, yaishe. Lakini siku zote hizo ulinitazama nikisugua kifo changu king'ae, ukamwambia mtu mmoja, akakucheka, ukanyamaza. Hilo halina jogoo wa kulisafisha."

Nililia. Sikulia kwa kuonewa, nililia kwa sababu alisema kweli.

Jogoo alichinjwa siku ile ile, ingawa sote tulikuwa Wakristo na wazee wa kanisa walikuwa wanatarajiwa asubuhi. Kesho yake walikunywa chai. Baadaye mume wangu alilileta lile pipa jeusi la fundi wa chuma, na Mzee alilitumia mpaka alipofariki. Senje aliendelea kupeleka maneno yangu, na tangu siku hiyo hakupunguza hata moja.

Basi jibu lako ni hili. Usinunue chombo kwa kung'aa kwake. Kigeuze, utazame kimeungwaje. Kama kimeungwa kwa lehemu, kirudishe dukani. Mshikio uwe wa mbao. Usikijaze kupita nusu, kwa maana kahawa hufura. Kaanga nje, mbali na kitu kinachoshika moto, kwa makaa na si kwa miali. Sikiliza ipasuke kama vijiti vikavu, halafu uimwage upesi kwenye ungo uipepete ipoe. Iache ilale usiku mmoja kabla hujaisaga.

Na hili ni la pili, ndilo lililonifanya nikukalishe hapa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema ufa ni wa nani na nani ana ruhusa ya kuutaja. Wewe ukiuona, utaje. Ukimwambia mtu akacheka, mwambie wa pili. Wa pili akikufukuza, nenda kwa mwenyewe, upige magoti kama ni lazima, useme. Mkubwa umheshimu, ndiyo, wala usimpande kichwani. Lakini heshima inayomwacha mzee wako anywe sumu huku wewe umeinamisha uso, hiyo ni uoga uliovaa kanzu ya Jumapili.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba isiyovuja na mikono isiyoungua. Akupe wakwe wa kukusikiliza, na siku ukiwa nao wasiosikia, akupe sauti ya kutosha. Na kahawa yako ikiiva, uniletee kikombe cha kwanza, nikionje mimi kabla ya wageni.