Kikombe cha Babu Kilichorudi na Maji

Nikiwa bado mtoto wa kuvaa viatu vya kushoto mguu wa kulia, niliamini kabisa kwamba kikombe kinaweza kuijua njia ya nyumbani. Hata leo siwezi kuicheka imani hiyo, maana kikombe chenyewe nilikiona kikirudi.

Kwetu ni Ruanda, huku milimani Mbinga, kwenye kahawa na baridi. Lakini mama yangu alikuwa mtoto wa ziwani, wa Liuli, na likizo zangu zote ziliishia kwa Bibi, mama yake. Jamani, nilivyolipenda ziwa lile! Nilipenda hata harufu ya dagaa walioanikwa juu ya miamba, harufu ambayo baba yangu alilalamika kwamba narudi nayo hadi shuleni.

Karibu na mawe tuliyofulia palikuwa na makaburi ya zamani, na ziwa lilikuwa likiyala kidogo kidogo. Mvua kubwa ikipita, sisi watoto tuliona mchangani shanga nyekundu, vyungu vilivyotobolewa chini, na mara chache sarafu za enzi za Wajerumani zenye tundu katikati. Tulitazama tu. Kugusa ilikuwa mwiko.

"Umeona? Kila kitu kina tundu," Bibi aliniambia. "Cha marehemu lazima nacho kife, ndipo kimfuate mwenyewe. Kikiwekwa kizima, kitarudi nyumbani, na hakirudi bure. Kinakuja kuita mtu."

Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba sarafu zile zilitoka kiwandani na matundu yake. Wazee wetu waliletewa pesa iliyokwisha kufa tayari, na nadhani waliipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha Babu akafariki. Kikombe chake kilikuwa cha bati, cha bluu, kikubwa kama kopo, na ndicho alichonywea uji kila asubuhi kabla ya kwenda kuangalia nyavu. Hakuna mwingine aliyekitumia. Siku ya maziko Bibi alimkabidhi Mjomba Yohana, kaka yake mama, kikombe hicho pamoja na msumari. Mjomba alikuwa mzee wa kanisa, na waumini wenzake walikuwa wamejaa uani.

"Mama, haya mambo tumeshayaacha," alisema kwa sauti ya chini.

"Mmeyaacha ninyi. Baba yako hajayaacha."

Mjomba akakipokea, akaenda nacho kaburini. Babu alizikwa pale pale ufukweni, kwa baba zake, kama alivyotaka mwenyewe. Bibi, aliyebaki ndani na wanawake, alitega sikio muda mrefu, lakini mlio wa msumari kwenye bati hakuusikia. Basi akajua kwamba mwanawe amekiweka kizima. Na kikishawekwa juu ya kaburi, hakiguswi tena.

"Kitarudi," alisema.

Niliogopa kwa ajili yake. Nani mwingine Babu angemwita, kama si mkewe? Usiku nililala nimeshika pindo la khanga yake, kana kwamba vidole vyangu vingeweza kushindana na Babu.

Masika iliyofuata ziwa lilijaa hadi kwenye migomba. Asubuhi moja tulikuwa tunafua, Bibi na mimi, nikakiona. Kikombe cha bluu kilikuja kikielea taratibu, kimeinamia upande wa kishikio chake, kikagota kwenye jiwe la Bibi kikatulia. Nilipiga yowe. Mjomba, aliyekuwa akivuta mtumbwi wake nchi kavu, alikuja mbio, akakitazama, akaketi ndani ya maji na suruali yake.

"Mama, nisamehe," alisema.

Bibi alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni hofu, kumbe anacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akakiokota kikombe akakikumbatia kifuani.

"Mzee huyu! Hata kusubiri hajui."

Alikisugua kwa mchanga, akaenda nacho nyumbani, akapika uji. Akakijaza, akakiweka mahali alipozoea kukaa Babu, naye akaketi kukielekea. Uji ulipopoa, aliunywa mwenyewe hadi tone la mwisho, kisha akaomba msumari.

"Nipe mimi, Mama," alisema Mjomba.

"Hapana. Hii ilikuwa kazi yangu tangu mwanzo. Nilikuachia wewe kwa sababu sikuweza."

Alikitoboa mwenyewe kwa jiwe, akarudi ufukweni, akakitupa. Kikaelea kidogo, kikanywa maji, kikazama. Tulisubiri nani ataitwa, na hakuitwa mtu. Mjomba na vijana walilijengea kaburi mawe, na Bibi aliishi hadi akacheza kwenye harusi yangu.

Mwanangu anayesoma sekondari aliisikiliza hadithi hii kwa uvumilivu, kisha akanifafanulia kwamba chombo kizima huelea na chenye tundu huzama. Kweli kabisa, nikamwambia. Lakini yeye hakumwona Bibi akiunywa ule uji.

Mwezi uliopita tulimzika mama, huku huku Ruanda, mbali na maji yoyote yanayoweza kumrudisha mtu. Kikombe chake cha chai, nacho cha bati, nilikuwa nimekificha ndani ya mkoba. Nilijiambia nitakihifadhi kwa ajili ya wajukuu, na nilijua ninajidanganya. Mjomba Yohana, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikuwa amepanda kutoka Liuli. Alinivuta pembeni ya kaburi, akautazama mkoba wangu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la kanisani, akatoa msumari.

"Kitoboe, mama," aliniambia. "Mimi nitasikiliza."

Nikaokota jiwe. Mjomba akainamisha kichwa, akatega sikio, na hakukiinua hadi alipousikia mlio.