Lete Nywele Zake Tu

Wiki hii nina hasira, na sitaki kubembelezwa. Nilikuwa ofisi ya mifugo hapa Lushoto, watu wakizungumzia habari ya redioni: Wazungu wamemtoa kondoo kutokana na chembe hai ya kondoo mwingine, na kondoo hao wawili wanafanana kama pacha. Mama mmoja wa Mponde, aliyekuwa amemzika bintiye karibuni, akamsogelea bwana mifugo.

“Na mtu je, mwanangu, anawezekana?”

Bwana mifugo alikuwa akichokoa meno. “Lete nywele zake tu, mama. Tutazipeleka Ulaya.”

Watu wakacheka. Jana mama akarudi, akafungua leso juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na nywele alizozichambua kwenye kitana cha marehemu. Bwana mifugo alicheka mpaka akashika mbavu.

Ikabidi nimweleze mimi kwamba hata wangeweza, angezaliwa mtoto mwingine mwenye sura ile ile, si binti yake.

Akaifunga leso taratibu. “Basi maskini huyo mtoto,” akasema. “Kila siku ningemtazama nikimtafuta mwenzake.”

Akatoka bila kuaga. Sayansi hiyo ikifika huku milimani, ombi langu ni moja: bwana mifugo yule asinakiliwe. Mmoja ametutosha.